Simu Niliyokataa Kuizima

Siku hizi, kila Jumapili mlangoni pa kanisa, mimi na mama mkwe wangu tunazima simu zetu kabisa, na kuziwasha misa ikiisha. Mara moja kwa wiki inatosha. Yangu haijanisumbua tena. Yeye alifanya hivyo miaka yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka.

Nilikuwa na sababu zangu. Mama yangu mzazi anaishi kijijini, nje ya Mitwaba, ambako mtandao haufiki. Kila Jumamosi huenda kwa miguu mpaka sokoni Mitwaba ili anipigie. Je, akipiga wakati nimezima? Atarudi zake bila kunisikia. Basi simu yangu ilikesha miezi na miezi, ikawa nzito, ikawa moto, nami nikaivumilia.

Mwaka jana, Jumamosi moja, mama hakupiga. Wiki iliyofuata hata wateja wangu wa kushonewa nguo walinyamaza, nikadhani wameishiwa tu. Vijiti vya mtandao vilikuwa vimejaa pale juu ya kioo, kwa hiyo shida haikuwa kwangu, ilikuwa kwa mama. Akilini nilianza kumwona mgonjwa, kisha nikaanza kumwona amekufa. Jumamosi ya pili, asubuhi, nilikuwa nafunga mzigo wa safari, nikilia na kumgombeza kila aliyenisogelea. Ilikuwa wakati wa mvua, na matope ya barabara ya kaskazini, ile iendayo Mitwaba, kila mtu hapa Lubumbashi anayajua.

Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Ile telefone yako, uliizimaka lini?"

"Mama, uniache! Siizimake!"

"Njo maana. Leta."

Nilimpa kwa hasira, ili aondoke. Hakuondoka. Aliizima, akaketi kitandani kwangu, akaishika mapajani bila haraka yoyote, nami nilitamani kumnyang'anya. Alipoiwasha, ujumbe ukaanza kuingia mfululizo: wateja, fundi wa cherehani, shemeji yangu. Wote walikuwa wamenipigia wiki nzima na kunikosa; simu ilikuwa imeganda, vijiti vikinidanganya. Na namba ya mama ilikuwemo, mara nyingi kuliko zote.

Nilimpigia. Alipokea papo hapo.

"Mutoto yangu! Uko muzima?"

"Niko muzima, mama. Na weye?"

Alikuwa analia. Nilimkumbatia mama mkwe simu ikiwa bado sikioni, na shukrani niliyoisikia moyoni asubuhi ile sijamaliza kuitoa mpaka leo. Bila yeye ningekuwa njiani, kwenye matope, namfuata mama.

Kisha nikamsikia mama akipaza sauti, si kwangu, kwa mtu mwingine karibu yake: "Munishushe! Munishushe basi, mutoto yangu iko muzima!"

Alikuwa ameshapanda lori pale sokoni, anakuja Lubumbashi kunizika.