Mtani wa Dawati la Nyuma

Enzi za Mwingereza nilifundisha darasa la nne Temeke, Mnyamwezi mgeni kati ya Wazaramo, na nilikuwa na hasira za karibu.

Dawati la nyuma alikaa msichana mmoja ambaye mdomo wake haukujua kufungwa. Nikigeukia ubao tu, darasa linaangua kicheko. Nilimsimamisha kwenye kona, nikamfagilisha uwanja, wapi! Jumatatu moja akasema wenzake wote wasikie: "Huyu mwalimu mtumwa wangu. Babu zake walikuja pwani na mizigo kichwani." Nikamchapa viboko vinne vya kiganja. Hakulia. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Mwalimu mkuu akaniambia watoto wanaosubiri nafasi ni wengi. Asipoonekana Ijumaa, jina lake linafutwa. Mie nikajibu lifutwe.

Alhamisi akaja bibi yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kizingitini.

"Mwalimu, wewe si Mnyamwezi? Umempiga mtani wako kwa sababu ya utani. Ukifa huku ugenini, nani atakuchimbia kaburi?"

Niliona aibu, sikufichi. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo naujua tangu nanyonya. Kuitana watumwa ndiyo salamu yetu, na kwenye msiba ndio tunaozikana. Ila chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu hachekwi, nami nikaamini utani unaishia mlangoni mwa darasa.

Ijumaa asubuhi nikapiga hodi kwao. "Nimemfuata mtumwa wangu aliyetoroka," nikasema. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Mtoto hakucheka, lakini alichukua daftari lake akanifuata.

Jina likapona, mdomo ukafa. Siku nne za masomo hakutoa neno. Mwaka mzima nilikuwa natafuta kimya kile, nilipokipata kikaniuma. Siku ya tano niliandika hesabu ubaoni, nikaweka jibu la makosa makusudi, nikabaki nimewapa mgongo.

"Jamani, mtumwa wangu hata kujumlisha hajui."

Darasa likangoja fimbo. Nikageuka, nikamnyooshea chaki.

"Basi njoo unifundishe, mtani wangu."

Akaja. Chaki aliipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, ule niliouchapa, aliuficha mgongoni.