Sahihi ya Sindano ya Mgongo Niliitia Mwenyewe

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mkuu wa ofisi katika utumishi wa umma, hapa Lubumbashi. Barua haikutoka mikononi mwangu bila tarehe. Nasema hivi ili ieleweke kwamba haya niliyaandika siku kwa siku, sikisii.

Saratani ilianzia tumboni. Nilipasuliwa, nikaondolewa zaidi ya nusu ya mfuko wa tumbo, nikapewa dawa, nikarudi nyumbani Kamalondo nikila vijiko vichache kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata kichwa kikaanza kuniuma kila alfajiri. Nilitapika ghafla, bila kichefuchefu. Kidevu kilikufa ganzi. Kisha mke wangu Zaina akawa anaingia na uji, nami naona Zaina wawili. Nilitibiwa malaria mara mbili, bure. Picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe.

Daktari mmoja alilisoma daftari langu la dalili hadi mwisho. "Papa," akaniambia kwa heshima, "ninaogopa saratani imefika kwenye ngozi laini zinazofunika ubongo. Lazima tutoe maji kidogo ya mgongo, tuyapime."

Kisha akaipeleka fomu ya ruhusa kwa kaka yangu mkubwa, Ramazani, aliyesimama mlangoni. Kwangu hakuileta! Nilikuwa nimelala hatua tano kutoka hapo, na akili zangu timamu.

Ramazani aliisukuma. "Hapana, dokta. Ile sindano ya mugongo iko inaua batu. Jirani yetu balimuchoma asubui, magaribi tukamuzika."

"Yaya," nikamwita kaka yangu, "jirani alifikishwa hapa akiwa amekwisha kupoteza fahamu. Sindano ilimkuta anakufa. Hiyo fomu iko ya nani?"

"Iko ya familia."

"Na mugongo?"

Muuguzi alicheka. Ramazani hakucheka. "Weye na mambo yako ya Leta, ya serikali! Unafikiri kifo iko inangojea kashe, muhuri ya ofisi?"

"Leta fomu," nikamwambia daktari. Nilifunga jicho moja ili mistari miwili iwe mmoja, nikatia sahihi, jina kamili na tarehe.

Maji yalikuwa na chembe za saratani. Ningengoja baraza la familia, ningezikwa na jina la malaria. Dawa iliingizwa kwa njia ileile ya mgongo, mara mbili kwa juma, kisha mara chache zaidi. Miguu ililegea, nilivaa nepi, nilikasirika kila siku. Katika mwezi wa tatu wa dawa kichwa kilitulia, na Zaina akawa mmoja.

Daktari hajaandika kwamba nimepona, nami siandiki. Ameandika kwamba chembe hazionekani kwa sasa, na wagonjwa wengi wa hali hii hawafiki hapa. Namshukuru Mungu, Zaina na wauguzi.

Kwenu mnaouguza: maumivu ya kichwa na matapishi baada ya saratani yapelekeeni daktari mapema, na mgonjwa mwenye fahamu aulizwe kwanza.

Juma lililopita nilichomwa tena. Ramazani aliketi mbele yangu, akanishika mabega ili mgongo ujikunje vizuri.

"Usitikisike, mudogo," akasema. Yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka.