Chupa za Kijani za Shangazi Nekesa

Nikinusa shayiri iliyokaangwa, hata leo, mwili wangu wote huchangamka. Narudi Kaloleni, uani kwetu, nina miaka kumi na minne, na matokeo ya darasa la nane yametoka.

Nilikuwa nimefaulu! Mama alisukuma chapati tangu alfajiri, baba akaazima viti kanisani, na kila jirani aliyepita aliambiwa kwamba Naliaka anaenda shule ya bweni.

Mchana shangazi Nekesa, dada yake baba, alifika kwa bodaboda kutoka Kariobangi akiwa amekumbatia kreti. Chupa za kijani, shingo ndefu, zinatoka jasho la baridi. Ukizitazama, ni bia tupu. Mimi na binamu zangu tulipiga mayowe.

“Hazina kilevi,” alitangaza kabla hajaulizwa.

Kizibo kikaruka, paa! Povu likanimwagikia vidoleni, likinukia shayiri iliyokaangwa, nikalilamba. Lilikuwa chungu kidogo, tamu kidogo, nami nikajiona mkubwa kuliko mtaa mzima. Binamu yangu Rose akaanza kupepesuka kwa mzaha, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. “Wifi, unawapa watoto nini?”

“Soma hapa, Mama Naliaka. Ni kama soda tu. Afadhali waonje mbele yetu.”

“Nimesoma. Lakini soda haimfundishi mtoto kupepesuka.”

Walivutana hivyo mpaka nikachoka. Nikajaza glasi, nikampelekea baba kwa mikono miwili. “Onja, baba, uwaambie ni tamu!”

Baba aliipokea. Akainusa, akakaa nayo puani muda mrefu. Mama alimkazia macho. Kisha baba akaiweka chini polepole.

“Niletee chai, mama,” aliniambia.

Nilinuna, nikidhani ameegemea upande wa mama. Lakini alipomaliza chai aliongeza sauti ya redio, akamvuta mama katikati ya uwanja, wakacheza mpaka shati lake likajaa alama za unga. Sherehe ikawaka upya! Nilishangaa tu kwamba mama alikuwa akicheka huku machozi yanamtiririka.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo mama aliponieleza. Siku ile baba alikuwa na miezi saba tu tangu aache pombe, na mama hakuwa akinichunga mimi. Mtu pekee aliyekuwa hatarini pale uani ndiye niliyembembeleza aonje, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunilaumu.