Karo la Nyumba ya Miwatini

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya meneja wa shamba la miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya Njombe. Mume wangu alikuwa mwashi. Yeye na fundi mmoja wa Kihindi ndio waliojenga karo la nyumba ile, tangi la saruji lililofukiwa chini ya nyasi, ambamo maji yote ya chooni na jikoni yaliingia. Walipomaliza, alikwenda Makambako kujenga maghala, akaniacha na binti yetu wa miaka minne na mama mkwe.

Mke wa meneja alikuja baadaye kutoka Ulaya. Aliogopa maradhi kuliko kitu chochote. Mpishi alipoharisha siku mbili, memsahib alinikabidhi debe la dawa nyeusi, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia majini, akaniagiza nimimine kikombe kizima chooni kila asubuhi. Jumamosi nilimwaga magadi makali kwenye bomba la jikoni. Maji ya kufulia mashuka nayo yalikuwa na dawa ya kung'arisha, na yote yaliishia karoni. Mimi niliipenda harufu ile. Nilirudi nayo kwenye nguo, na wanawake wa kambi ya wafanyakazi wakasema ninanukia hospitali. Nilijiona msafi kuliko wao.

Masika yalipokwisha, nyasi za juu ya karo zilinawiri kupita nyingine zote, kisha pakaanza kutota na kunuka. Nilimweleza memsahib. Akasema niongeze dawa, iwe vikombe viwili. Nikaongeza.

Mume wangu alipopata ruhusa ya wiki moja, nilimpeleka akatazame. Alifunua mfuniko, akachungulia kwa muda mrefu, akaurudisha taratibu. Tope lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na lilikuwa halijaoza.

"Umekuwa ukimimina nini humu?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Uchafu wa humu huliwa na vijidudu tusivyoviona. Ndivyo alivyonifundisha yule Mhindi. Mmeviua, mke wangu. Sasa uchafu unapita mzimamzima, unaziba ardhi, unateremka."

Hakuhitaji kusema unateremkia wapi. Chini ya mteremko ule ndiko ilikokuwa chemchemi ya kambi.

Alikwenda kwa meneja, kofia mkononi, akaomba karo litapishwe na dawa isimamishwe. Meneja alimsikiliza akiwa amesimama barazani. Alijibu kwamba karo lingetapishwa kiangazi, na kuhusu dawa, mwashi asimfundishe mkewe usafi. Ruhusa ilipokwisha, mume wangu alipanda lori la magome ya miwati, akarudi Makambako.

Nilijaribu kupunguza. Siku ya tatu memsahib akakuta choo hakinuki dawa, na tangu hapo akawa anasimama mlangoni hadi nimalize kumimina. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba.

Kambini niliwaambia wanawake wasichote pale. Wachache walinisikia, lakini mto ulikuwa mbali, na asubuhi za Njombe zina baridi ya kukata vidole. Mimi nilichota mtoni kila Jumapili, na maji yakaisha Jumanne. Siku zilizobaki mama mkwe alichota alikozoea, goti likimuuma. Sikumkataza kwa nguvu.

Homa ya matumbo ilianzia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Binti yetu alikuwa wa tano kuugua. Nilimbeba mgongoni hadi hospitali ya misheni, akawa anaomba maji njia nzima. Siku ya tisa alifariki. Baba yake alifika baada ya maziko.

Memsahib alikuja kambini kunipa pole, macho yake mekundu kweli. Alikuwa amebeba chupa ya dawa ile ile.

"Safisha nyumba yako yote," alisema, "usije ukapoteza mtu mwingine."

Nilipokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa kupokea kitu.

Mume wangu hakunipiga wala hakunitukana. Aliniuliza mara moja tu nilikuwa nikifikiri nini siku zile niliposimamiwa mlangoni. Nilisema nilifikiri kumaliza kazi. Alirudi Makambako. Mwaka uliofuata alikuja mara moja, kisha hakuja tena.

Karo lilitapishwa kiangazi, kama meneja alivyosema, na wiki iliyofuata nikapewa debe jingine. Chemchemi ilizungushiwa miiba, ila watu waliisogeza wakaendelea kuchota, kwa kuwa nyingine ya karibu haikuwapo. Mama mkwe nilimtunza mimi. Tuliishi chumba kimoja miaka minne, na hakuna aliyewahi kumtaja mtoto mbele ya mwenzake.