Kitambaa cha Mashine Isiyofika

Mungu anisamehe, wiki hii nilimcheka mama wa watu dukani, hapa Gitega. Alikuja na basi kutoka Gashoho, kule Muyinga, akamuuliza mwenye duka:

«Patron, ile mashine mpya ya michezo ya video iko na upana gani?»

«Haijafika bado, mama. Na sisi tunaingoja.»

«Kijana wangu anaingoja kuliko nyinyi. Mi namfumia kitambaa.»

Akatoa kwenye mkoba kitambaa cheupe cha uzi, cha kufunika mashine kama tunavyofunika redio na televisheni majumbani. Ulibaki ukingo tu kumalizia. Ndipo nilipocheka.

Patron hakucheka. «Mama, mashine ile inapumua. Ukiifunika, joto litaiua.»

«Na mtoto mchanga je, hapumui? Mbona tunamfunika?»

Kisha akakikunja polepole, sauti ikashuka. «Michezo yenyewe siijui. Sasa kwenye furaha yake mi nitaweka nini?»



Vijana wa Muyinga, mashine ikifika, msiifunike. Lakini mwiteni mama akae karibu, na yeye mumpe zamu ya kucheza.