Kondoo wa Mfuko wa Uzi

Mama mdogo ndiye aliyenilea, huko juu karibu na Nyaramba, ambako asubuhi ukungu hukaa kwenye majani ya chai hadi jua lipande. Alifuma sweta za watoto wa shule. Alifuma akitembea, alifuma akizungumza, na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito alikuja na sindano zake wakafuma pamoja kibarazani, jioni baada ya jioni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipata kazi katika duka la vitambaa mjini Kisii. Kwenye kabati la kioo tuliuza bruchi, zile pini za kupachika kifuani. Nyingi zilikuwa za maua, lakini chache zilikuwa za wanyama: paka, jogoo, na kondoo mdogo mweupe mwenye uso mweusi, rangi yake iking'aa kama kikombe cha kauri kilichooshwa sasa hivi. Nilipomwona yule kondoo nilimkumbuka mama mdogo, nikamnunua.

Nilimpelekea Jumapili. Alimgeuzageuza kiganjani.

"Ni mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini mimi ni Msabato. Mapambo nitayavaa wapi?"

"Si ya kuvaa, mama. Ni ya mfuko wako wa uzi."

Alimpachika kwenye mfuko na kuusogeza mfuko mahali ambapo jirani angeuona. Jirani alipofika, alimwona kabla hata ya kuketi.

"Huyu ndiye anayetupa sufu siku hizi?" akauliza, wakacheka hadi mama mdogo akapoteza hesabu ya vitanzi vyake.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua kubwa, jirani aliugua mapafu akaletwa hospitali mjini. Nilikwenda kumwona baada ya kufunga duka. Alikuwa amekonda, macho makubwa. Nilipoinama kumsalimu nikamwona kondoo ameshikizwa kwenye ukingo wa blanketi lake.

Aliona ninavyomtazama kondoo.

"Usinidhanie mwizi," akasema polepole. "Mama yako alimleta mwenyewe. Alisema, 'Huyu ni wangu, nakuazima. Utanirudishia nyumbani kwa mkono wako.' Sasa nitakufaje na mali ya watu?"

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto na mwepesi, nami niliogopa, kwa maana wagonjwa wa kitanda cha pembeni yake hawakuwa wakidumu. Kila jioni nilimpelekea uji, na kila jioni nilitazama blanketi kabla ya kumtazama uso.

Alipona. Alitoka mvua zilipokwisha, nikamsindikiza hadi nyumbani. Hakuingia kwake kwanza. Alivuka kijito akiegemea bega langu, akampata mama mdogo akianika mahindi uani, akamfungulia kiganja.

"Mali yako hii."

Mama mdogo alijifuta mikono kwenye leso, akamchukua kondoo. Kisha akampachika kwenye sweta ya jirani, pale pale kifuani.

"Wewe ni Mkatoliki," akasema. "Wewe unaruhusiwa."

Waliketi kibarazani. Mimi nikaingia jikoni kuchemsha chai, nikakawia makusudi, kwa sababu nilisikia mmoja wao analia na sikutaka kujua ni nani.