Mzee Aliyenyamaza Koboko

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya zahanati hapa Koboko, mji wetu wa mpakani Uganda. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani alikaa mzee, askari wa zamani wa Mwingereza, na kila alichoulizwa kilijibiwa na mwanawe.

"Baba hapana kula, hapana lala. Iko uzee tu. Patia yeye sindano ya nguvu."

Daktari akageuza kiti, akamwelekea mzee. "Mzee, mimi nauliza wewe. Nini naumiza?"

Mzee alizungusha kofia yake mikononi. "Tangu mama ya watoto nakufa, mimi pia nataka kufa. Lakini hapana mutu nauliza."

Mwana akainamisha kichwa.

Daktari alisema huo ni ugonjwa, si uzee, nao una dawa. Akatoa vidonge, akaagiza mzee asile peke yake na arudi kila wiki wazungumze.

Jana nilimwona mzee sokoni, bado amekonda, akimgombeza muuza nyama kwa kumjazia mifupa.

Kwetu mzee akinyamaza, tunamsifu kwamba ametulia. Baba yangu naye ametulia tangu mwaka jana. Jioni hii nakwenda kumuuliza.